Milton Miles: Mwanamaji wa Marekani na uzito wa nishani za China

Nishani ya kigeni kifuani mwa askari hutoa ushahidi wa mambo mawili kwa wakati mmoja. Husimulia kazi aliyoifanya mwenye kuivaa, na humtaja pia aliyeitoa. Kwa kawaida watu hulitazama la kwanza na kulisahau la pili. Katika maisha ya Makamu Admirali Milton Edward Miles, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyetunukiwa nishani za kijeshi za China baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hilo la pili halikusahaulika kamwe. Serikali iliyompa heshima hiyo ilipoteza nchi katika muda wa miaka minne, na mtu aliyefanya naye kazi bega kwa bega alikuwa miongoni mwa watu walioogopwa kuliko wote nchini China.

Kisa cha Miles kinawahusu wanamaji waliopigana mbali na bahari, katikati ya mashamba ya mpunga na kando ya jangwa. Kinahusu pia swali ambalo mataifa hukutana nalo kila yanapotafuta washirika wakati wa vita: je, anayepokea msaada wa mtu hupokea na dhambi zake?

Kutoka mji wa migodi hadi mito ya China

Miles alizaliwa Aprili 6, 1900, katika mji wa Jerome, Arizona, mji wa migodi ya shaba uliojengwa mlimani, mahali ambapo mtoto angeweza kukua bila kuiona bahari. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, alijiunga na Jeshi la Majini akiwa baharia wa kawaida. Baadaye alipata nafasi katika chuo cha maafisa wa jeshi hilo huko Annapolis, na akahitimu mwaka 1922.

Huko chuoni ndiko alikopata jina la utani lililomfuata hadi kaburini. Wakati ule mwigizaji Mary Miles Minter alikuwa maarufu sana katika filamu, na wanafunzi wenzake hawakuweza kuiachia nafasi hiyo ya mzaha. Wakamwita Mary. Alipanda vyeo, akaongoza manowari, akawa admirali, lakini kwa rafiki zake alibaki kuwa Mary Miles.

Mara baada ya kuhitimu alipelekwa Asia, akatumikia huko kwa takriban miaka mitano. Mataifa ya kigeni yalikuwa na manowari katika bandari za China na hata katika mito yake mikubwa, kwa mujibu wa mikataba ambayo Wachina wenyewe waliiona kuwa ni fedheha. Nchi ilikuwa imegawanyika mikononi mwa wababe wa kivita. Maafisa wengi wa kigeni waliishi humo kana kwamba Wachina hawapo, wakizunguka baina ya meli, klabu na ubalozi. Miles hakuwa hivyo. Alijifunza lugha kwa kadiri alivyoweza, akatembea, akaula mchele pamoja na wavuvi na wachukuzi, na akaondoka akiwa na mapenzi na nchi hiyo. Mwaka 1929 alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mambo hayo mawili, yaani kuwajua watu wa China na kuijua mitambo, ndiyo yaliyokuja kuamua hatima yake.

Bendera iliyowatatiza Wajapani

Alirudi katika maji ya China mnamo miaka ya 1930. Mwaka 1937 Japani ilianzisha vita kamili dhidi ya China, ikateka miji ya pwani mmoja baada ya mwingine. Marekani haikuwa imeingia vitani bado, na manowari zake zilibaki katika eneo hilo kulinda raia wake.

Mwezi Februari 1939, Wajapani walipotua katika kisiwa cha Hainan, Miles alikuwa nahodha wa manowari ya John D. Edwards, iliyokwenda huko kuangalia usalama wa wamisionari wa Kimarekani. Meli za Japani zilitaka kumzuia. Badala ya kujibu kwa ishara za kawaida za baharini, Miles alipandisha mlingotini kibendera cheupe chenye alama nyekundu za kuuliza, za mshangao na za nyota, tatu tatu. Hakikuwa na maana yoyote katika kitabu chochote cha ishara. Kilikuwa ni mzaha uliobuniwa katika mzunguko wa familia yake na rafiki zake, kuonyesha mtu aliyeshangaa na asiyejua la kusema. Wajapani wakawa wanapekua vitabu vyao kuitafuta tafsiri, na wakati wakiendelea kupekua, manowari ile ikapita.

Kisa hicho ni kidogo, lakini kinaonyesha tabia yake: hakupenda kungoja ruhusa, alipenda kumchanganya adui kuliko kugongana naye, na alikuwa na imani kwamba taratibu zimewekwa ili ziwafae watu. Tabia hizo zilimfaa sana miaka michache baadaye. Ndizo pia zilizomtia matatani.

Mwaka huo huo wa 1939, zamu yake ilipomalizika, alirudi nyumbani pamoja na mkewe Wilma, aliyejulikana zaidi kwa jina la Billy, na watoto wao watatu wa kiume, kwa kuipitia Barabara ya Burma, njia ya milimani iliyokuwa ndiyo tundu la pumzi la China baada ya bandari zake kutekwa. Wachache miongoni mwa maafisa wa Washington waliweza kusema kwamba wameiona njia hiyo kwa macho yao.

Safari ya Chongqing

Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor. Marekani ikawa vitani, na ghafla China ikawa mshirika. Kiongozi wa Jeshi la Majini, Admirali Ernest King, alikuwa akifikiria siku ambayo wanajeshi wake wangehitaji kutua katika pwani ya China. Pwani hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajapani, na ramani na habari zake zilikuwa haba. Jeshi la majini lilihitaji pia kitu kingine, cha kawaida kabisa lakini chenye thamani ya meli nyingi: taarifa za hali ya hewa.

Hewa ya sehemu hiyo ya dunia kwa kiasi kikubwa huenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Mvua, ukungu na pepo zinazoikuta meli katika Bahari ya Pasifiki ya magharibi mara nyingi huwa zimepita kwanza juu ya bara la Asia. Anayekaa kando ya jangwa la Gobi na kupima hewa leo anaweza kumwambia nahodha aliye baharini kitakachomfikia siku chache zijazo. Kwa Wajapani, waliokuwa na vituo vingi bara, maarifa hayo yalikuwa mkononi. Kwa Wamarekani hayakuwapo.

Miles alichaguliwa aende China akajenge vituo, aichunguze pwani na awasumbue Wajapani kwa njia yoyote atakayoiona inafaa. Alifika Chongqing, mji mkuu wa wakati wa vita wa serikali ya Chiang Kai-shek, mwezi Mei 1942. Kabla ya kuondoka Washington alikuwa amefanya urafiki na Xiao Xinru, afisa katika ubalozi wa China, na kwa kupitia kwake alikuwa ameshafunguliwa mlango wa mtu mmoja ambaye bila yeye hakuna mgeni ambaye angefika pwani akarudi hai. Mtu huyo alikuwa Dai Li.

Mtu wa vivuli

Dai Li aliongoza idara ya siri ya kijeshi ya Chiang Kai-shek, iliyobeba jina la kiofisi lisilotisha: Ofisi ya Uchunguzi na Takwimu. Chini ya jina hilo kulikuwa na mtandao mkubwa wa wapelelezi, polisi, walinzi wa njia na wapiganaji wa msituni, ulioenea hata ndani ya miji iliyotekwa na Wajapani. Dai hakupenda kupigwa picha na hakuzoea kuonana na wageni.

Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Kabla ya vita, watu wake ndio waliomuua Yang Xingfo, mtetezi wa haki za raia, katika mtaa wa Shanghai mwezi Juni 1933. Mwezi Novemba 1934 walimvizia na kumuua Shi Liangcai, mmiliki wa gazeti la Shen Bao, aliyekuwa na kosa la kuchapisha yale ambayo serikali haikupenda yasomwe. Wakomunisti, wanafunzi na waandishi waliopotelea katika magereza yake walikuwa wengi. Wanadiplomasia wa Marekani walizijua habari hizo, na magazeti ya Magharibi yalimlinganisha na Himmler, mkuu wa polisi ya siri ya Ujerumani ya Hitler.

Miles aliyasikia yote hayo. Hata hivyo, muda mfupi baada ya kuwasili alifunga safari pamoja na watu wa Dai kuelekea pwani, na alipofika Pucheng, katika mkoa wa Fujian, Dai mwenyewe alikuwapo. Ndege za Japani zikaushambulia mji huo, na wawili hao wakajikuta wamelala shambani kusubiri mabomu yaishe. Hapo hapo, kwa mujibu wa masimulizi ya Miles, Dai alimpa pendekezo: Marekani itoe silaha na mafunzo kwa wapiganaji elfu 50 wa China, na Wachina wawalinde Wamarekani na kuwafungulia njia zote wanazozihitaji. Miles alikubali. Tangu siku hiyo alimwona Dai kuwa rafiki na mzalendo, na hakuubadilisha msimamo huo maisha yake yote.

Mkataba usio wa kawaida

Makubaliano ya shambani yaligeuka kuwa mkataba rasmi wa siri uliotiwa saini Washington Aprili 15, 1943. Ulianzisha Shirika la Ushirikiano wa China na Marekani, lililojulikana kwa herufi za SACO. Mkurugenzi wake alikuwa Dai Li. Miles akawa naibu wake, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kulikataa jambo ambalo mwenziwe amelipendekeza.

Mpango huo haukuwa na mfano. Maafisa wa Kimarekani katika China walizoea kuwa washauri wanaotoa maagizo, na kutoelewana kwa Jenerali Joseph Stilwell na Chiang Kai-shek kulikuwa kumeshakuwa gumzo. Hapa palikuwa na Wamarekani waliokubali kwa maandishi kuwa chini ya Mchina. Miles aliamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya heshima na ya busara. Vita vilikuwa katika ardhi ya Wachina, hoja yake ilisema, na mgeni hawezi kuwa bwana katika nyumba ya mwenyeji. Wakosoaji wake waliliangalia jambo hilo kwa jicho jingine: Marekani ilikuwa imempa mkuu wa polisi ya siri bunduki, redio na walimu, bila kuwa na uwezo wa kweli wa kuamua vitatumika dhidi ya nani.

Makao makuu yalijengwa katika vilima vya nje ya Chongqing, mahali ambapo Wamarekani walipaita Bonde la Furaha. Kutoka hapo mtandao ulienea hatua kwa hatua. Silaha na vifaa viliingia kwa ndege zilizovuka milima ya Himalaya kutoka India, safari ya hatari iliyoacha nafasi ndogo kwa kila kikosi, na mara nyingi Miles alilazimika kugombea kila tani. Kutoka uwanja wa ndege, mizigo iliendelea kwa malori, kwa mashua, kwa punda na mara nyingi kwa mabega ya watu.

Wanamaji wa mashamba ya mpunga

Wamarekani takriban 2,500 walipita katika kikosi hicho kabla ya vita kwisha, na wengi wao hawakuiona bahari kwa miezi mingi. Wenyewe walijiita kwa utani wanamaji wa mashamba ya mpunga. Walivaa nguo za Kichina walipotembea karibu na adui na kula chakula cha wenyeji. Kambi ya mafunzo ya kwanza ilikuwa katika mkoa wa Anhui. Nyingine, iliyoitwa Kambi ya Nne, iliwekwa kaskazini kabisa, kando ya Gobi, ambako idadi ndogo ya Wamarekani ilipima upepo na kutuma taarifa kwa redio.

Taarifa hizo zilizifikia meli za Pasifiki wakati Admirali Chester Nimitz alipokuwa akizisogeza karibu zaidi na Japani. Kando ya pwani, watazamaji wa Kichina na wa Kimarekani walikaa kwenye vilele vya vilima wakihesabu meli za Wajapani, na hesabu zao zikapelekwa kwa nyambizi za Marekani na kwa ndege za Jenerali Claire Chennault. Marubani wa Marekani walioangushwa katika maeneo yaliyotekwa walifichwa na wanakijiji na kusindikizwa kutoka mkono hadi mkono hadi wakafika salama.

Mwanakijiji aliyemficha rubani alikuwa anahatarisha kijiji kizima. Baada ya ndege za Marekani kuishambulia Tokyo mwezi Aprili 1942 na marubani wake kuangukia katika mikoa ya Zhejiang na Jiangxi, Wajapani walilipiza kisasi kwa kuchoma na kuua katika mikoa hiyo kwa miezi kadhaa. Miles alifika China wakati moto huo ukiwaka. Alijua kwamba kila mafanikio ya kikosi chake yalilipiwa kwanza na watu ambao majina yao yasingeandikwa katika orodha yoyote ya waliotunukiwa.

Hata mwisho wa vita ulikuja kwa namna ya ajabu. Agosti 20, 1945, siku chache baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, majahazi mawili ya Kichina yaliyobeba Wamarekani wachache wa kikosi hicho na wenzao wa Kichina yalikutana na jahazi kubwa lenye wanajeshi wa Japani katika njia ya kuelekea Shanghai. Wakapigana kwa mizinga midogo na bunduki mpaka Wajapani wakashindwa. Katika enzi ya meli za kubeba ndege na bomu la atomiki, wanamaji wa Marekani walikuwa wamepigana vita chini ya matanga.

Ugomvi na washirika

Maadui wa Miles hawakuwa Wajapani peke yao. Kwa muda aliwakilisha pia idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati ule, OSS, katika Asia ya mashariki. Mkuu wa idara hiyo, William Donovan, alitaka kuwa na wapelelezi wake mwenyewe nchini China, wasiomtegemea Dai Li. Desemba 1943 alikwenda Chongqing, akagombana na Dai, na akamwondoa Miles katika wadhifa huo. Miles alibaki na kikosi chake cha majini, lakini tangu hapo kulikuwa na mashirika mawili ya Marekani yakishindana katika nchi moja.

Jeshi la nchi kavu nalo halikupenda kuona maafisa wa majini wakiendesha vita vyao binafsi. Jenerali Albert Wedemeyer, aliyeshika nafasi ya Stilwell mwishoni mwa mwaka 1944, alitaka kila Mmarekani aliye katika eneo lake awe chini ya amri yake, na mwaka 1945 alifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Nyuma ya mabishano hayo ya vyeo palikuwa na jambo kubwa zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya chama cha Kuomintang cha Chiang na Wakomunisti wa Mao Zedong vilikuwa vinanukia. Kila bunduki iliyotoka kwa Miles kwenda kwa Dai Li ilikuwa inaweza kutumika katika vita hivyo, na Wakomunisti walilijua hilo. Miles mwenyewe hakuficha upande aliokuwa nao.

Jambo lililowatia wasiwasi hata baadhi ya watu wa Washington lilikuwa shule ya upelelezi iliyofunguliwa karibu na Chongqing. Walimu wake walikuwemo Wamarekani waliopata kufanya kazi ya polisi na ya upelelezi wa jinai nyumbani kwao. Waliwafundisha watu wa Dai uchunguzi wa kisasa. Katika mkono wa serikali yenye mahakama huru, maarifa hayo hukamata wahalifu. Katika mkono wa idara iliyowaua waandishi, yalikuwa na matumizi mengine.

Miaka mitatu na zaidi ya safari, malaria na mivutano ilimchosha Miles kupita kiasi. Mwezi Septemba 1945, wiki chache tu baada ya ushindi, alikuwa mgonjwa wa mwili na wa akili, akarudishwa Marekani. Aliyefanya kazi kwa ajili ya siku ya ushindi hakuiona vizuri ilipofika. Machi 17, 1946, ndege iliyombeba Dai Li ilianguka karibu na Nanjing, na wote waliokuwamo wakafa.

Wingu, bendera na chungu cha miguu mitatu

Serikali ya Jamhuri ya China ilikuwa na utaratibu wake wa kushukuru. Mwaka 1929 ilianzisha Nishani ya Anga la Buluu na Jua Jeupe, yenye daraja moja tu, pamoja na Nishani ya Chungu cha Thamani, iliyopewa jina la chombo cha shaba cha miguu mitatu ambacho tangu zama za kale kilikuwa alama ya mamlaka ya dola. Mwaka 1935 ikaongeza Nishani ya Wingu na Bendera, yenye madaraja tisa, kwa waliochangia ulinzi wa nchi. Katika miaka ya vita na baada yake nishani hizo zilivuka mipaka na kuwafikia makamanda wa mataifa rafiki. Nimitz alipewa Chungu cha Thamani cha daraja la juu. Miles naye akawa miongoni mwa maafisa wa majini waliopambwa na China.

Afisa wa Marekani hakuwa huru kuvipokea vitu hivyo apendavyo. Katiba ya nchi yake inamkataza mwenye wadhifa wa umma kupokea zawadi, cheo au heshima kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Walioiandika waliogopa kwamba shukrani ya mgeni inaweza kununua utii. Mwezi Julai 1942 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu wanajeshi wakati wa vita kupokea nishani za nchi washirika. Mlango ulifunguliwa kwa hesabu nyepesi: walio upande mmoja wa vita wanaweza kupongezana. Sheria hiyo haikusema chochote kuhusu siku ambayo mshirika atakuwa amebadilika, au atakuwa ameondoka.

Siku hiyo haikuchelewa. Oktoba 1, 1949, Mao alitangaza Jamhuri ya Watu wa China mjini Beijing, na kabla ya mwaka huo kwisha serikali ya Chiang ilikuwa imehamia Taiwan. Novemba 27, majeshi ya Mao yalipokuwa yakiikaribia Chongqing, idara iliyorithiwa kutoka kwa Dai Li iliwaua zaidi ya wafungwa 200 wa kisiasa katika magereza ya Bai Gongguan na Zhazidong, katika vilima vile vile yalikokuwa makao ya SACO. Bai Gongguan, wakati wa vita, lilikuwa limewahi kutumiwa kuwalaza Wamarekani.

Wamarekani walikuwa wameondoka tangu miaka mitatu na zaidi, na mauaji hayo hayakuwa amri yao. Lakini kwa China mpya tofauti hiyo haikuwa na uzito. Jina la SACO likafungamanishwa na magereza, na eneo hilo likawa kumbukumbu ya mashahidi wa mapinduzi, ambako vizazi vya watoto wa shule vimepelekwa kujifunza ukatili wa Kuomintang na wa mabeberu waliowasaidia. Mwaka 1961 manusura wawili wa magereza hayo, Luo Guangbin na Yang Yiyan, walichapisha riwaya ya Hongyan, iliyokuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana nchini humo.

Kumbukumbu mbili

Miles hakuishi kuiona riwaya hiyo. Baada ya kupona aliendelea na utumishi, akaongoza manowari tena, akashughulikia uhusiano wa jeshi lake na nchi za Amerika ya Kusini, na katikati ya miaka ya 1950 akaongoza eneo la majini la Panama, kisha lile la New York. Alistaafu mwaka 1958 akiwa makamu admirali. Alifariki dunia Machi 25, 1961, huko Bethesda, Maryland, na kuacha mswada mrefu wa kumbukumbu zake za China. Mwandishi Hawthorne Daniel aliuhariri, na kitabu kikatoka mwaka 1967 kwa jina la A Different Kind of War. Humo alimtetea Dai Li kwa nguvu zote, akiwalaumu wanadiplomasia na majenerali wa nchi yake kwa kumwelewa vibaya.

Wanahistoria waliomfuata hawakumpa ushindi kamili wala hawakumtia hatiani kwa kila jambo. Vituo vya hali ya hewa vilikuwa vya kweli, na mabaharia ambao hawakuwahi kulisikia jina lake walisafiri salama zaidi kwa sababu yake. Marubani waliookolewa walirudi kwa mama zao. Heshima yake kwa Wachina, katika zama ambazo wazungu wengi waliwadharau, ilikuwa ya dhati. Ni kweli vile vile kwamba aliamua kutoyaangalia magereza yaliyokuwa umbali mfupi kutoka mezani alipokula, kwa sababu aliyeyamiliki ndiye aliyeshika ufunguo wa pwani.

Hapo ndipo nishani zake zinapokuwa na uzito kuliko madini yaliyozifanya. Huko Taiwan, alama za wingu na bendera zingali zinatolewa na serikali iliyozirithi, na Miles anakumbukwa kama rafiki aliyekuja wakati wa dhiki. Katika vilima vya Chongqing, mgeni anayeingia katika kumbukumbu ya wafungwa hukuta jina la shirika lake likiwa limewekwa pamoja na pingu na minyororo. Nishani moja ina sura mbili, na zote mbili zilichongwa na watu waliokuwapo. Serikali zinazotafuta washirika leo, iwe kwa ajili ya vita dhidi ya magaidi au ya ulinzi wa mipaka, zingefanya vema kuzisoma zote mbili kabla ya kuinamisha shingo ili kuvalishwa utepe.